Mpaka Usio na Damu: Tishu za Epithelia, Viunganishi vya Seli na Saratani ya Umio

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyacheki, Kaunti ya Kisii



Nimependa kuzungumzia jambo hili hapa Nyacheki kwa sababu ugonjwa ninaokusudia kuueleza unawaua watu wa milima hii. Nao ni saratani ya umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Malawi, hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazoathiriwa zaidi. Anayetaka kuuelewa ugonjwa huu hana budi kuanza na tishu unamozaliwa, yaani epithelia.

Epithelia ndiyo tishu inayoufunika mwili kwa nje na kutanda ndani ya mifereji na nafasi zake. Seli zake zimebanana, nazo zimekaa juu ya utando mwembamba uitwao utando wa msingi. Kati ya seli hizo hakupiti mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na virutubisho vinavyopenya kutoka kwenye mishipa iliyo chini ya utando huo. Naomba mlishike jambo hilo, kwa maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

Tunazipanga epithelia kwa maswali mawili: tabaka ni ngapi, na seli zina umbo gani? Tabaka moja la seli bapa hupatikana katika vifuko vya hewa vya mapafu, ambako oksijeni inahitaji njia fupi ya kuingia kwenye damu. Seli zenye umbo la mchemraba hupatikana katika mirija ya figo, na zilizorefuka kama nguzo hutanda ndani ya utumbo mwembamba, zikifyonza chakula. Katika njia ya hewa, seli ndefu zina vinyweleo vinavyosukuma juu kamasi iliyonasa vumbi. Wachongaji wa mawe ya Kisii katika mji wa Tabaka hutegemea vinyweleo hivyo kila siku, na wanaolisugua jiwe likiwa limelowa maji huvipunguzia mzigo. Kibofu cha mkojo nacho kina seli zinazojitandaza kinapojaa na kurudi kinapokuwa kitupu.

Penye msuguano, mwili huweka tabaka nyingi za seli bapa. Ndivyo ilivyo kwenye ngozi, kinywani na kwenye umio. Seli za juu huchakaa na kung'oka, na za chini hugawanyika ili kujaza pengo.

Je, ni nini kinachozishikanisha seli hizi? Mwaka 1963, Marilyn Farquhar na George Palade walieleza kwa hadubini ya elektroni mpangilio wa viunganishi kati ya seli jirani. Karibu na uso wa juu kuna kiunganishi kizibaji, kinachozuia majimaji kupenya kiholela kati ya seli. Mwaka 1998, kundi la Shoichiro Tsukita huko Kyoto, Japani, liliitambulisha klodini, protini inayojenga kizuizi hicho. Chini yake upo ukanda shikizi, ambamo protini ziitwazo kadherini za seli moja hukamatana na za jirani yake, na haziwezi kushika bila madini ya kalisi. Kisha kuna desmosomu, vifungo madhubuti vilivyotiwa nanga kwenye nyuzi za keratini ndani ya seli. Hivi ni vingi kwenye ngozi na umio, ndiyo maana tonge la obokima, yaani ugali, hupita bila kuichana njia. Vipo pia vijia vidogo vya mawasiliano ambamo ayoni na molekuli ndogo huvuka kutoka seli hadi seli. Seli za chini kabisa nazo zimefungwa kwenye utando wa msingi kwa vifungo vya namna yake.

Sasa tuutazame umio wetu. Kila unapounguzwa, seli za chini hulazimika kugawanyika upya, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kuingia katika chembe za urithi. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Kwenye miinuko yetu maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 94, kwa hiyo chai inayotoka jikoni imeupita mpaka huo kwa mbali. Chai yenyewe haina hatia. Tunailima na tutaendelea kuinywa. Kinachodhuru ni moto. Tumbaku na pombe huongeza hatari.

Seli zilizoharibika hubaki kwanza ndani ya epithelia. Humo hamna damu, kwa hiyo hazina njia ya kusafiri. Zikilegeza kadherini zao na kuutoboa utando wa msingi, hukutana na mishipa ya damu na ya limfu, na safari huanza. Tatizo ni kwamba umio hutanuka, hivyo mgonjwa hushindwa kumeza wakati mpaka ulishavukwa zamani.

Hata hivyo, hatua ya mwanzo inaonekana. Daktari hupitisha kamera na kunyunyiza ayodini: seli zenye afya zina glikojeni na hugeuka kahawia, zilizoharibika hubaki zimepauka. Watafiti wa Hospitali ya Tenwek, jirani zetu wa Bomet, waliwapima hivyo watu wazima wasio na dalili, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alikutwa na seli zilizoanza kuharibika.

Kwa hiyo nasema wazi. Kaunti za Kisii na Nyamira zipeleke uchunguzi huu karibu na wananchi, badala ya kungoja watu walioshindwa kumeza hata uji. Walimu wa biolojia wafundishe epithelia kwa mfano wa umio wa mzazi wa mwanafunzi. Nanyi wazazi wetu, acheni chai ipoe kabla ya kuinywa, na yeyote anayehisi chakula kinakwama aende hospitali wiki hiyo hiyo. Tukiwahi kabla ya utando wa msingi kutobolewa, tutaokoa watu. Tukichelewa, mara nyingi tutabaki kupunguza maumivu tu.