Kasuku Huyu Ametoka Wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya machifu, waalimu na wazee



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowatia watu wengi mashaka, nalo ni sheria ya Kenya imtakayo mtu awe na kibali kabla ya kufuga mnyama au ndege wa mwitu. Mtu huweza kusema: "Kasuku wangu sikumwiba. Nilimnunua kwa fedha zangu, namlisha, naye huwaita wajukuu wangu kwa majina yao. Serikali yataka nini kwangu?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza na tuulize: Kasuku huyo ametoka wapi? Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si ndege wa pwani. Kwao ni misitu mikubwa ya Kongo, Uganda na nchi za Afrika ya Magharibi; na hapa Kenya wamebaki wachache mno, katika msitu wa Kakamega. Hutaga mayai machache ndani ya mashimo ya miti mirefu, na kinda hukaa miaka kadhaa kabla ya kuweza kuzaa. Mtegaji hupanda akatoa makinda, au huwanasa wakubwa kwa ulimbo na nyavu, akawashindilia ndani ya masanduku. Wengi hufa njiani. Basi mwenye kasuku mmoja tunduni hajui ni wangapi waliokufa hata huyo mmoja akafika. Na kila mwuzaji apatapo fedha, mtegaji hurudi mtini.

Wahenga walisema, Chovya chovya humaliza buyu la asali. Tangu miaka ya 1980 hata mwanzo wa karne hii, kasuku zaidi ya milioni moja waliuzwa kutoka misitu ya Afrika. Katika Ghana, wataalamu waliona kwamba tangu mwaka 1992 wametoweka zaidi ya tisa katika kila kumi, kwa kutegwa na kwa kukatwa miti. Kwa sababu hiyo mataifa yaliyofungamana kwa mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, yalikutana Johannesburg mwaka 2016, yakakataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni.

Sababu ya pili ni maradhi. Mwaka 1929 na 1930, kasuku waliotolewa Amerika ya Kusini walieneza homa ya mapafu katika Ulaya na Marekani, na watu wengine wakafa. Mtu huipata kwa kuvuta pumzi yenye vumbi la kinyesi cha ndege mgonjwa. Naye ndege huenda asionyeshe dalili yo yote. Ndipo nchi nyingi zikazuia kuingizwa kasuku.

Sababu ya tatu ni madhara ya mgeni akiachwa huru. Mwishoni mwa karne ya 19 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale takataka. Kusudi lilikuwa jema. Lakini walizaana wakaenea hata Dar es Salaam na Mombasa, na kazi yao ni kula mayai na makinda ya ndege wetu na vifaranga vya kuku. Mwaka 2024 wakuu wa wanyama wa Kenya walitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Mgeni aliyeingia kwa urahisi hakutoka kwa urahisi.

Sasa mwaona kwamba sheria, ambayo Kenya iliitunga mwaka 2013, haikuwekwa ili kumnyang'anya mzee rafiki yake. Kibali ni swali lile lile letu, lililoandikwa katika karatasi: Ametoka wapi, yu mzima, na nani atamtunza? Tena mwaka 2022 wenye kasuku walipewa muda wa msamaha ili wajiandikishe pasipo kushtakiwa.

Basi, mabwana machifu, waelezeni watu kabla hawajaingia makosani. Aliye na ndege pasipo kibali asimfiche, wala asimfungulie usiku kwa hofu. Kwani ndege aliyelelewa nyumbani hajui kujitafutia chakula, naye aweza kuwapelekea wenziwe maradhi. Aende kwa wakuu wa wanyama, aeleze kweli. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto kwamba kinda la msituni si kitu cha kuchezea wala cha kuuza barabarani. Na kila mtu atakayeletewa ndege wa kununua, aulize kwanza ametoka wapi. Mwuzaji akikosa jibu, mnunuzi na aondoke na fedha zake.