Si Kila Kitu Hupenda Maji ya Moto

Leo tunazungumzia joto na kuyeyuka, na nitaanza na sukari kwa kuwa haina ubishi. Gramu 100 za maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyusha sukari gramu 200 hivi. Yakikaribia kuchemka, huyeyusha zaidi ya mara mbili ya hapo. Kukoroga huharakisha tu. Hakuongezi kiasi ambacho maji yanaweza kubeba. Mambo haya mawili watu huyachanganya sana.

Chumvi ya mezani ina tabia nyingine. Kwa maji yaleyale, kwenye nyuzi 20 huyeyuka gramu 36, na yakichemka ni 39 tu. Ndiyo maana mashamba ya chumvi ya pwani, kama ya Bagamoyo au Gongoni, hayategemei kupoza maji ili chumvi ijitenge. Maji ya bahari huachwa juani mpaka yakauke, chumvi ibaki.

Sasa njoo kwenye gesi, ambako mambo hugeuka kabisa. Soda iliyokaa juani ukiifungua hukumwagikia, kwa sababu joto huzipa chembe za gesi nguvu ya kuuponyoka umajimaji. Oksijeni nayo hufanya hivyohivyo. Lita moja ya maji baridi ya nyuzi 0 huweza kushika miligramu 14 na ushei za oksijeni kutoka hewani. Kwenye nyuzi 30, saba na nusu tu.

Kwa mfugaji wa samaki hili ni jambo zito, maana joto hilohilo linalopunguza oksijeni humfanya samaki aihitaji zaidi. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, ila yenyewe na samaki wanaendelea kuitumia. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri. Ukiwaona sato wamepanda juu, midomo wazi, wanahema, usidhani wana njaa. Kambale atastahimili, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu. Sato hana uwezo huo.

Chakula usiwape asubuhi hiyo, kwani mabaki yakioza nayo hula oksijeni. Ingiza maji mapya, na bomba usilizamishe: liinue, maji yadondoke kwa kishindo na kurusha matone, yachukue hewa njiani.