Dalali wa Fedha: Mpime Kwanza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Vitengeni)



Leo sisemi juu ya kuongezwa mshahara. Nasema juu ya mshahara unavyopotea. Wenzetu wengi wanafungua akaunti za kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, na wako waliokopa katika chama cha akiba kwa ajili hiyo. Mtu hampi mbuzi wake dalali asiyemjua. Basi, mbona ampe pesa za karo?

Kwanza, ijueni kazi yenyewe. Katika mkataba wa tofauti ya bei hununui dola wala dhahabu ukaiweka sandukuni. Wakisia tu kama bei itapanda au itashuka. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilitangaza kwamba katika kila akaunti 100 za watu wa kawaida, kati ya 74 na 89 hupata hasara.

Pili, leseni. Kenya ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi, ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2018. Tazama orodha yao wenyewe, usitazame tangazo la dalali. Linganisha jina la kampuni neno kwa neno. Kisha soma mkataba: pengine kampuni ina leseni hapa, lakini wewe watia sahihi na ndugu yake aliye kisiwa cha mbali. Ukidhulumiwa, utamshtaki wapi?

Tatu, mkopo wa dalali. Wako wanaotoa mara 400. Weka dola 100, utashika biashara ya dola 40,000. Bei ikienda kinyume kwa robo tu ya asilimia moja, dola zako 100 zimekwisha. Ulaya mtu wa kawaida hapewi zaidi ya mara 30. Dalali akujazaye mkopo mkubwa hakupendi zaidi ya mwenzake.

Nne, gharama. Usidanganyike na neno "bure". Uliza tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ada ya kila biashara, malipo ya kulaza biashara usiku, na ada ya kutoa pesa. Malipo ya usiku ni riba; Mwislamu na aulize akaunti isiyo nayo, na badala yake wanatoza nini.

Tano, kutoa pesa. Hapa nasema yaliyonipata. Nilituma shilingi 15,000 kwa nambari ya simu ya mtu, si ya kampuni. Kwenye kioo zikawa 60,000. Nilipozitaka, nikaambiwa nilipe kwanza "ushuru" wa 9,000. Nikalipa. Sijaona hata senti. Kwa hiyo, weka kidogo, toa kidogo, uone kama zinafika. Akudaiye malipo ili akupe pesa zako ni mwizi.

Ndugu zangu, andikeni madalali watatu kwenye karatasi moja, mambo haya matano kando ya kila jina, mkalinganishe. Asiyejibu swali moja, mfuteni. Na pesa za karo, za kodi na za mkopo zisiguswe kabisa. Mwenye shaka na aje ofisi ya tawi kabla ya kutuma, si baada.

Umoja ni nguvu.