Shefu ni nani?

Hapa Bukavu kuna shefu wa avenue na shefu wa kartie, na hata polisi wa barabarani tunamwita shefu. Kwa Kifaransa huandikwa chef, maana yake mkubwa.

Mwingereza akiandika herufi hizohizo nne anamtaja mpishi wa hoteli. Kwa Mjerumani, Chef ni bosi wa kazini. Wote wamerithi caput ya Kilatini, yaani kichwa. Waingereza walilikopa neno mara mbili: baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066 walipata chief, ambaye Kenya ni chifu, kisha karne ya 19 wakachukua chef de cuisine, mkubwa wa jiko, wakalifupisha kuwa chef. Kapita wetu wa mashambani naye ni wa ukoo huo, ila alipitia kwa Wareno.

Kwetu neno hili liliingia na sheria, na hapo ndipo penye uzito. Dekreti ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ya mwaka 1891 ilianza kuwatambua watawala wetu kama chefs. Zikafuata za 1910 na 1933. Mwami, yaani mfalme, wa Kabare na yule wa Ngweshe wakaandikwa hivyo. Lakini katika Bushi, nchi ya Washi, mwami alisimikwa na Bajinji, wazee wa mila, na ardhi ilitoka kwake: mtu alitoa ng'ombe, akapata shamba kwa kalinzi, na wanawe wakalirithi. Chef wa Wabelgiji alivishwa medali, akaagizwa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi za barabara. Asipotii, aliondolewa. Ndivyo walivyomfanyia Alexandre Rugemaninzi, mwami wa Kabare, miaka ya 1930: walimtoa kwenye kiti, wakampeleka uhamishoni mbali na watu wake. Mimi naona neno lenyewe liliwarahisishia kazi hiyo, kwani chef huteuliwa na aliye juu yake, naye huyo anaweza kumfukuza.

Wabelgiji walikwenda, neno likabaki. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 bado inazitaja chefferies, yaani maeneo ya machef, na Kabare na Ngweshe ni miongoni mwa chefferies hizo. Katika barua za serikali mkuu wa kila moja ni chef de chefferie. Ukipanda Kabare leo, watu watakuambia mwami.