Dawa isiyouzwa gulioni

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya dawa za Kichina, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu, maana mwenye kuusia watu sharti aanzie nyumbani kwake.

Shangazi yangu anaishi Binza, mkoani Simiyu. Ni mama wa miaka 60 na ushei, amelima pamba tangu akiwa binti. Miaka kadhaa iliyopita alipimwa akaonekana ana shinikizo la damu, maradhi ambayo sisi sote tunayaita presha. Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, akawa anavimeza bila ugomvi.

Siku moja akanipigia simu. Akasema gulioni wamekuja vijana nadhifu waliovaa tai, wana mashine ya Kichina inayosoma mwili mzima. Unashika kifimbo cha shaba, waya unakwenda kwenye kompyuta, na kufumba na kufumbua unasomewa habari za ini, figo, moyo na hata mifupa. Yeye aliambiwa kwamba nguvu ya mwili wake imezibiwa njia, ndiyo maana presha yake haiishi. Tiba ni makopo matatu ya vidonge vya mitishamba, pamoja na bangili ya kuirudisha ile nguvu katika mkondo wake. Jumla shilingi 180,000.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe umesoma. Jambo hili ni la kweli?"

Ndugu wasikilizaji, swali lile sikulijibu. Nilikuwa mbioni kwenda kikaoni, nikaona ni rahisi kutuma fedha kuliko kukaa kueleza. Nikatuma kwa simu, nikaongeza na za kutolea, nikajiona mtoto mwema. Sikuuliza kama ataendelea na vidonge vya hospitali. Kumbe wale vijana walimwambia asichanganye dawa, naye akawatii. Miezi minne baadaye, alfajiri, alipokuwa akiwasha moto, mkono wa kulia ulikataa kushika kibiriti na ulimi ukawa mzito. Kiharusi.

Nilipofika Binza nilimkuta chini ya mwembe, ameketi kitini, mguu mmoja ameunyoosha. Nikamwamkia, "Mwangaluka, shangazi." Akaitikia kwa nusu ya mdomo. Bangili ilikuwa bado mkononi, mkono ule ule usioinuka.

Je, tuseme basi kwamba dawa za Kichina ni utapeli mtupu? La hasha. Anayesema hivyo amesahau kwamba sisi wenyewe, au watoto wetu, tumepona kwa dawa yenye asili ya China. Ile dawa mseto ya malaria, ambayo serikali yetu ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2006, ndani yake mna kiini kilichotokana na mmea ambao Wachina wameutumia kutibu homa kwa karne nyingi. Mwaka 1967 serikali ya China iliwakusanya wataalamu wake watafute dawa mpya ya malaria. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alirudi katika vitabu vya kale na kukuta maelezo ya karne ya 4, ambamo mganga aliagiza mmea ule uloekwe katika maji na kukamuliwa. Mama yule akajiuliza: mbona haukuchemshwa? Akahisi kwamba huenda moto ndio unaoua dawa. Akabadili njia, akaitoa dawa kwa joto dogo, akaijaribu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Angalieni njia aliyoipita. Hakudharau mitishamba ya wazee, wala hakuipeleka sokoni kabla ya kuipima. Alitaka kujua ni kitu gani kilichomo, kiasi gani kinatosha, na nani amepona. Maswali hayo matatu ndiyo mizani, nayo haichagui dawa ya Mchina, ya Mzungu, wala ya mfumu wetu wa Usukumani.

Tukiweka katika mizani hiyo mambo mengine yanayosemwa kuwa ni ya Kichina, tutaona hayalingani uzito. Sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomwa mwilini, zimefanyiwa uchunguzi mwingi, na zinaonekana kuwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya mgongo na ya kichwa. Mazoezi yao ya polepole, taichi, yamepimwa kwa wazee na kuonekana yanaimarisha miguu na kupunguza kuanguka. Lakini ile nguvu ya uhai wanayoiita chi, inayosemekana hupita katika njia zake mwilini, hakuna chombo kilichowahi kuipima. Wachina wa kale waliitumia kuelezea afya kama sisi tunavyosema mtu ana damu nzito au moyo mwepesi. Ni lugha, nami naiheshimu. Ila mtu akidai kwamba kifimbo cha shaba kimeipima nguvu hiyo, na bangili itaisukuma, hapo tumeondoka katika lugha tumeingia katika biashara.

Presha nayo haina simile. Mara nyingi haiumi, haiwashi, haitoi homa. Mgonjwa anajiona mzima, ndiyo maana ni rahisi kumwambia amepona. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mmoja kati ya kila watu wazima wanne anayo. Vidonge vya hospitali kwa kawaida haviiondoi presha. Vinaizuia, kama mtu anavyozuia mlango upepo usiufungue. Ukiondoa mkono, mlango unafunguka. Shangazi yangu aliondoa mkono kwa sababu aliambiwa upepo umekwisha, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kumwambia la nilituma fedha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika mafundisho yote ya uganga wa Kichina, lililo kubwa kuliko mengine ni hili: kwamba mganga hodari ni yule anayemshughulikia mtu kabla hajaugua, na kungoja ugonjwa ushike ni sawa na kuanza kuchimba kisima wakati kiu imekwisha kukubana. Kula kwa kiasi, lala kwa wakati, tembeza mwili, tuliza moyo. Wazee wetu nao walisema kinga ni bora kuliko tiba. Lakini fundisho hilo halitiwi koponi, wala halina wakala gulioni, kwa sababu halina faida ya kugawana.

Na China yenyewe ililifanyia kazi. Katika miaka ya 1960 na 1970 walifundisha wakulima wa kawaida wakawa waganga wa vijiji, wakawa wanachanja watoto, wanahimiza vyoo, na wanasaka konokono wa kichocho miferejini. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 2017 wataalamu wao walianza kazi Pemba kupambana na kichocho hicho hicho, ambacho hata sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua. Hao ni Wachina wa kweli, na hawakuja na bangili.

Sasa nirudi Binza. Siku zile nilizokaa pale niliangalia jikoni kwa shangazi. Kulikuwa na unga wa mtama, michembe, kunde, mlenda, maembe. Kulikuwa pia na kitu ambacho zamani hakikuwapo: mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kipimo, chumvi inayomwagwa kwa kiganja, na soda kila anapoingia mgeni. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Wanasema pia tutembee kwa nguvu walau dakika 150 kwa juma. Mama wa Binza anayekwenda shambani kwa miguu amezimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Sisi wa mjini, tunaopanda bodaboda kwenda dukani, ndio wenye deni.

Lakini nawaomba msinielewe vibaya. Mlenda na kutembea havichukui nafasi ya kidonge kwa aliyekwisha kuugua. Vyote viwili vinakwenda pamoja, kama jembe na mpini. Mwenye kutaka mitishamba juu yake amwambie kwanza daktari wake, maana mingine hupigana na dawa za hospitali. Na mwenye kumwendea mganga, wa Kichina au wa kwetu, amwombe kwanza cheti. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linawasajili waganga na dawa zao. Asiyekuwa na cheti, na zaidi yule anayekuambia uache dawa za daktari, mpe kisogo uende zako.

Neno langu la mwisho ni kwenu ndugu mnaoishi mjini, mnaopigiwa simu kama nilivyopigiwa mimi. Wazee wetu wakituuliza kama jambo ni la kweli, wanatuuliza kwa sababu walitusomesha. Waliuza pamba na ng'ombe ili siku moja wawe na mtu wa kumuuliza. Tukituma fedha bila jibu tunakuwa tumewalipia nauli ya kupotea. Kaa dakika kumi, muulize mama: dawa zako za hospitali bado unameza? Mara ya mwisho kupimwa ni lini?

Shangazi anaendelea vizuri kidogo kidogo. Vidonge anameza. Kila asubuhi kabla ya jua kali anatembea na fimbo yake mpaka kwa jirani na kurudi, na wajukuu wanahesabu hatua kwa kelele. Juzi nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa ulimi wake mzito, "Mwanangu, mimi sikutaka hela. Nilitaka uniambie."