Ulimwengu Unaotanuka: Hotuba kwa Wahitimu wa Thamesmead



Kutoka hapa Thamesmead, ukiufuata mto kuelekea magharibi kilomita chache tu, unafika Greenwich. Pale kilimani, kuanzia miaka ya 1670, wataalamu walikesha wakipima nyota ili mabaharia wasipotee. Lakini swali moja liliwashinda kwa muda mrefu: ulimwengu una ukubwa gani?

Ufunguo ulipatikana Marekani. Henrietta Leavitt aliajiriwa Harvard kukagua picha za nyota. Mwaka 1912 alionyesha kwamba baadhi ya nyota hung'aa na kufifia kwa zamu, na zamu ikiwa ndefu zaidi, nyota nayo ina mwanga mwingi zaidi. Ukiujua mwanga wake halisi, kisha ukapima jinsi unavyotufikia hafifu, umeupata umbali. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Nuru yake tunayoiona leo imesafiri miaka milioni 2.5, iliondoka huko kabla zana za mawe za Oldupai hazijachongwa. Kila anapotajwa Hubble, Leavitt naye anastahili kutajwa.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Vipimo vya Hubble vya 1929 vikaonyesha kuwa galaksi iliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi. Je, sisi ndio kitovu? Hapana. Chukueni donge la unga wa maandazi lenye hamira na punje za iliki. Likiumuka, kila punje huziona nyingine zote zikijitenga nayo, wala hakuna iliyotembea. Kilichotanuka ni unga. Lakini Andromeda, kwa kuwa ni jirani, inavutwa na galaksi yetu na inatujia.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Hata hivyo, sehemu tunayoweza kuiona ina kipenyo cha takriban miaka ya nuru bilioni 93, maana nafasi iliendelea kutanuka nuru ikiwa njiani.

Kasi ya kutanuka huko bado ina utata. Wanaotumia nyota za Leavitt hupata karibu kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali wa galaksi. Wanaopima mnururisho wa kale kabisa, uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, hupata karibu 67. Hakuna aliyewapatanisha. Wanangu, mkichagua masomo ya mwakani, msiikimbie fizikia wala hisabati. Swali hili ni lenu pia. Lishikeni.