PATO LA TAIFA NA SUFURIA YA NYUMBANI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi letu hapa Gatitu, Nyeri. Wengi ambao hawakuweza kufika waliomba yaandikwe.)



Twajua ya kuwa wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmeacha ng'ombe hawajakamwa. Kwa hivyo hatutawachosha. Jambo letu leo ni moja: tunaposikia katika redio kwamba uchumi wa Kenya umekua, mfanya kazi wa Gatitu aelewe nini, na chama chake kidai nini? Yatupasa kulijua hili kabla ya kukaa mezani na matajiri kuandika mapatano mapya.

Kwanza tujue maana ya maneno. Pato la taifa ni hesabu ya thamani ya vitu na kazi zinazotolewa nchini kwa mwaka mmoja, hasa vile vinavyouzwa na kununuliwa. Huko Marekani mtaalamu Simon Kuznets alipeleka hesabu ya namna hii mbele ya Bunge lao mwaka 1934. Wakati ule ule alionya kwamba ustawi wa watu hauwezi kujulikana kwa hesabu hiyo. Serikali za dunia zilichukua hesabu, na onyo zikaliacha.

Tazameni inavyofanya kazi. Lori likipinduka hapa njia panda, gharama ya kulivuta, matibabu ya utingo na bei ya vipuri vyote huongeza pato. Mti wa msitu ukikatwa na kuuzwa mbao, pato hupanda. Mti ule ule ukisimama, ukashika udongo na kutunza maji ya mto, haumo katika hesabu. Mama akipika, akichota maji, akiuguza mgonjwa, haandikwi. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2021 ulionyesha ya kuwa wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Basi hesabu inayosahau kazi hiyo yote, yaweza kweli kutuambia tunaishi vipi?

Tena, mwezi wa Septemba 2014 wataalamu walirekebisha namna ya kuhesabu. Pato la Kenya likaongezeka kwa karibu robo nzima, na nchi yetu ikaitwa nchi ya kipato cha kati. Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyeona unga umeongezeka debeni siku ile?

Sasa tuje kwenye mshahara. Mwaka 2023 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Lakini mwaka huo huo hesabu za Serikali yenyewe zilionyesha kwamba mshahara wa wastani, ukitoa kupanda kwa bei, ulipungua. Yaani nchi ilipanda ngazi, na mfanya kazi akashuka. Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaza barabara za miji mingi, na Nyeri pia, kuupinga mswada wa kodi. Wale waliokuwa wakitazama asilimia peke yake walishangaa. Sisi tunaotazama sufuria hatukushangaa.

Makato nayo mwayajua. Sheria ya nyumba ya mwaka 2024 iliweka asilimia 1.5 ya mshahara, na bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba mwaka huo iliweka asilimia 2.75. Hatusemi kwamba kuchangia afya na nyumba ni kubaya. Afya na nyumba ndio ustawi wenyewe. Tunalosema ni kwamba kazi ya fedha hizo isipimwe kwa mamilioni yaliyokusanywa. Ipimwe kwa mgonjwa aliyepata dawa, na kwa mwenye mshahara mdogo aliyepata mlango wa kufunga.

Yuko ndugu atakayeuliza: "Je, mwataka uchumi usikue? Sisi maskini tutakula nini?" Swali hili ni la haki. Huko Ulaya wako wataalamu wanaosema nchi zao zimeshiba, zipunguze. Hayo ni yao. Sisi bado twahitaji maji ya mfereji, hospitali, shule na viwanda vya kusindika mazao yetu. Vitu hivyo vikue. Lakini kukua si jambo moja. Mtoto hukua, na uvimbe hukua. Mzazi hufurahia kimoja, na kingine hukipeleka kwa daktari.

Wazee wenu hapa wanaijua kahawa kuliko sisi. Katika msimu wa 1987 na 1988 Kenya ilitoa karibu tani 130,000. Kama wingi ndio ustawi, basi nyumba za Nyeri zingejaa neema tangu siku hizo. Lakini mwaka 1989 mapatano ya nchi za kahawa yaliyogawa viwango vya kuuza yalivunjika, bei ikaanguka, na deni la mbolea likabaki shambani kwa mkulima. Wengi waliacha mikahawa yao, wengine wakaing'oa. Siku hizi mavuno ya nchi hayafiki hata nusu ya yale ya zamani. Funzo ni hili: asiye na sauti katika bei, hata akizidisha kazi mara mbili, faida humwendea mwingine.

Tena kuna jambo la maji. Mito ya Kirinyaga na ya Nyandarua huingia katika Tana, na juu ya Tana kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mwaka 2000 mvua ilipokosa, mabwawa yalishuka, umeme ukagawiwa kwa saa, mashine zikasimama na vibarua wakarudishwa nyumbani. Ukame huo ulitoka mbinguni, lakini nchi iliyofyeka misitu yake na kujaza udongo mabwawani huumia zaidi ukija. Kwa hivyo msitu si jambo la watalii tu. Msitu ni kazi yako, hata kama kazi yako ni kuchomelea vyuma Nairobi.

Binti wa wilaya yetu alilisema hili zamani. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Aliwasikiliza wanawake wa vijijini waliokosa kuni, maji na chakula, akaona kwamba mambo hayo matatu ni jambo moja. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Dunia nzima ilimsikia, nasi wa Nyeri haifai tuwe wa mwisho.

Na kutoka huko huko Ihithe kumekusudiwa barabara ya kuvuka msitu wa Aberdare hadi Ndunyu Njeru. Mwaka 2024 shauri lilifika mahakamani hapa Nyeri. Twajua wanachama wetu wamegawanyika. Mwenye lori la viazi aona njia fupi, kijana wa ujenzi aona mshahara wa miezi, na mkulima wa bondeni aona mto wake. Hukumu ni ya mahakama. Lakini chama kina haki ya kuuliza juu ya kila mradi maswali matatu: Kazi zitakuwa ngapi, na zitadumu muda gani? Faida itakaa kwa nani? Na likiharibika jambo, nani atalipa? Mradi usioweza kujibu haya, hata ukiongeza pato la taifa, sisi hatuna sababu ya kuupigia makofi.

Basi tudai nini? Twaleta mambo matano, mkutano huu uyakubali au uyakatae.

(1) Mshahara ufuate bei ya unga, mafuta, nauli na kodi ya nyumba. Usifuate mapenzi ya tajiri.

(2) Mapatano mapya yaandike maji safi ya kunywa, vyoo, saa za kupumzika, na mavazi ya kujikinga kwa kila anayepiga dawa mashambani. Mapafu hayanunuliwi dukani.

(3) Kazi za kutunza nchi, kama vile kupanda miti, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo na kusafisha mito, zilipwe kwa kima halali kama kazi nyingine yoyote.

(4) Akina mama wanaofanya kazi wapatiwe mahali pa kuacha watoto wadogo.

(5) Tawi letu liwe na daftari lake. Kila mwaka tuandike: nyumba ngapi za wanachama zina maji, watoto wangapi wamekosa shule kwa karo, wangapi wameumia kazini, wangapi wana deni lisilolipika. Serikali ikitusomea asilimia yake, nasi tumsomee daftari letu mbunge, gavana na tajiri.

Haya si maombi ya hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya ujira wa haki na hali njema ya kazi. Kifungu cha 42 chataja mazingira safi, na cha 43 afya, nyumba, chakula, maji na elimu. Tena, nchi ilipopata Uhuru mwaka 1963 maadui walitajwa kuwa ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna aliyesema adui ni asilimia ndogo. Wale maadui watatu bado wako hai, na kushindwa kwao ndiko kukua kunakotufaa.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yamekwisha. Mambo matano yako mezani. Kila mwanachama aseme lake bila woga, kisha tupige kura kwa kuinua mikono. Wajumbe wetu wakienda kwa matajiri, waende na neno moja.

Umoja ni nguvu.